Kijitabu cha Luther cha kusali, kile alichomwandikia kinyozi wake: maoni yangu

Niseme mapema kabisa ili asiye na muda asihangaike kushuka hadi chini: kinunueni. Ni kijitabu chembamba, unakimaliza kwa kikao kimoja, na kati ya vitabu vya maombi vilivyopita mikononi mwangu hiki ndo cha kwanza kuona mwandishi anaanza kwa kusema wazi kwamba kuna siku moyo wake umepoa, hana hamu ya kusali hata kidogo, alafu anakuonyesha huwa anafanyaje siku hiyo. Nyota nne kati ya tano, ile moja iliyokatwa nitaeleza imeenda wapi.

Kwa wasiokifahamu: mwaka 1535, Wittenberg kule Ujerumani, kulikuwa na kinyozi anaitwa Peter Beskendorf, Fundi Peter kama walivyomwita, akamuuliza mteja wake asali vipi. Mteja mwenyewe ni Martin Luther, yule aliyeanzisha Matengenezo ya Kanisa na ambaye Walutheri wanaitwa kwa jina lake. Sasa huyu ni daktari wa theolojia, mtu aliyesimama mbele ya Kaisari, yaani mfalme mkuu wa dola, kwenye mji wa Worms 1521 akakataa kufuta mafundisho yake, umri umefika miaka 51, ana mke na watoto ndani, ana wanafunzi, ana barua za wakubwa zinamsubiri mezani, na badala ya kumjibu kinyozi maneno mawili hapohapo kitini akaenda akamwandikia kijitabu kizima, kikachapishwa, na mwaka huohuo kikachapwa tena. Jina lake la Kijerumani maana yake ni njia rahisi ya kusali, kwa ajili ya rafiki mwema, na huo urafiki haukuwa wa kuandika tu kwenye karatasi, walikuwa wanafahamiana miaka mingi.

Kuhusu nakala yenyewe sina mengi mazuri ya kusema. Yangu ni ya Kiingereza, niliipata kwenye duka moja la vitabu vya dini ambalo silitaji, na waliochapa walibana herufi mpaka usiku na hizi taa zetu huwezi kusoma bila kuweka tochi ya simu pembeni, pini za katikati zilikuwa na kutu toka siku ya kwanza, na utangulizi hakuna kabisa, yaani mtu anaanza tu kusoma "mpendwa Fundi Peter" hajui Peter ni nani wala imekuwaje. Karatasi zenyewe nyepesi wino unaonekana upande wa pili. Kwa hiyo mkienda kununua fungueni kwanza muangalie ndani, msinunue kwa gamba.

Haya, tuje kwenye mali yenyewe.

Luther anaanza hivi, nasimulia kwa maneno yangu: nikiona nimekuwa baridi na sina raha ya kusali kwa sababu ya kazi au mawazo mengine, nachukua Zaburi yangu ndogo, nakimbilia chumbani, au kama ndo siku na saa ya ibada naenda kanisani walipo watu, nakaa najisemea taratibu zile Amri Kumi, Imani (ile ya Mitume), na muda ukiruhusu maneno ya Kristo au ya Paulo au zaburi kadhaa, kama watoto wanavyofanya. Kama watoto! Mtu huyu ndo aliyeandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529, ile iliyotutesa wengi wetu kipaimara tukiikariri usiku kwa kuogopa Mchungaji atauliza nini, na anasema yeye mwenyewe bado anaikariri. Anasema fanya hivyo mpaka moyo upate joto, ukishapata joto ndo upige magoti au usimame, ukunje mikono, uangalie juu, alafu useme kwa ufupi kadiri unavyoweza.

Hilo neno kwa ufupi naomba mliangalie vizuri. Maana huku kwetu tumefundishwa kinyume, mwenye imani kubwa ndo anakesha, ndo anaomba saa tatu, na mtu ambaye anasali dakika kumi akalala anajiona kama muumini wa daraja la tatu. Na wanaotufundisha hivyo mara nyingi wanamtumia huyuhuyu Luther, ile stika inayozunguka kwenye magrupu kwamba eti alisema leo nina kazi nyingi sana kwa hiyo nitaanza na masaa matatu ya maombi. Mnaijua, hata mahubirini inatajwa. Sasa sentensi ile kwa maneno yale huwezi kuoneshwa Luther ameiandika wapi. Kinachojulikana ni barua ya kijana anaitwa Veit Dietrich, alikuwa karani wake, mwaka 1530 walipokuwa kwenye ngome ya Coburg wakati wenzao wapo Augsburg mbele ya Kaisari wanatetea imani, na Luther hakuweza kwenda maana alikuwa amepigwa marufuku na dola. Dietrich akamwandikia Philipp Melanchthon, mwalimu mwenzake Luther pale Wittenberg, kwamba haipiti siku Luther hajatumia angalau masaa matatu kusali, tena yale masaa mazuri kabisa ya kusomea. Na kwamba siku moja alibahatika kumsikia, akashangaa jinsi anavyoongea na Mungu kwa heshima yote, na papo hapo kwa kujiamini kama mtu anayeongea na baba yake au rafiki yake.

Kwa hiyo masaa matatu yapo, ni ya kweli. Ila ni ya Coburg, kipindi mtu amefungiwa mbali na nyumbani, hatima ya kila alichokifanya inaamuliwa mji mwingine na hana la kufanya, baba yake mzazi naye akafariki majira hayohayo. Mtu kwenye hali hiyo anasali masaa matatu bila kuambiwa. Kinyozi mwenye wateja foleni hakuambiwa masaa matatu, na hapo ndo naona ukubwa wa hiki kijitabu, kwamba mtu anajua tofauti ya hali yake na hali ya anayemshauri.

Na Luther alikuwa na sababu ya kuogopa hesabu za masaa, kwa sababu alishawahi kuzifuata mpaka zikamtoa roho. Mnakumbuka aliingia utawa 1505 kule Erfurt, baada ya radi kumkosa kosa karibu na kijiji cha Stotternheim akapiga kelele kwa Mtakatifu Anna kwamba nisaidie nitakuwa mtawa. Utawani sala zina saa zake mchana na usiku na hukwepi. Baadaye akawa mhadhiri Wittenberg, kazi zikazidi, akawa anakosa zile sala za kila siku anaziweka kiporo wiki nzima, wakati mwingine hata wiki mbili au tatu, alafu anajifungia chumbani hali wala hanywi mpaka amalize deni lote. Alikuja kusimulia mwenyewe mezani kwamba ilifika mahali kichwa kinazunguka, usingizi umekata, anaumwa kabisa, na deni likafika kama robo mwaka ndo akanyoosha mikono akaacha. Ukijua hilo ukisoma pale anapomwambia Peter kwamba sala nzuri haihitaji kuwa ndefu, iwe ya mara kwa mara na yenye moto, unajua huyu anaongea kama mtu aliyewahi kudaiwa sala.

Ila sio kwamba analegeza kamba moja kwa moja. Anasema sala iwe kazi ya kwanza asubuhi na ya mwisho usiku, na jihadhari na yale mawazo ya kujidanganya yanayosema subiri kidogo, nitasali baada ya saa moja, ngoja nimalizie hiki na hiki, maana ukiyasikiliza mawazo hayo yanakuvuta kwenye shughuli nyingine na nyingine mpaka siku imeisha hujasali kitu. Miaka karibu mia tano imepita na hakuna simu wala bando pale Wittenberg lakini mtu ameielezea asubuhi yako wewe unayesema ngoja niangalie stetasi tu mara moja. Alafu hapohapo anakiri kuna kazi ambazo zenyewe ni nzuri sawa na sala au kuzidi, hasa dharura ikitokea, na kwamba anayefanya kazi yake kwa uaminifu anasali mara mbili. Mama anayeamka saa kumi usiku kupika maandazi ya kuuza asome hapo.

Sasa kipande ninachokipenda kuliko vyote. Anaelezea akili inayotangatanga, na anamtania padri mmoja anayesali sala zake za saa huku anaendesha mji: Ee Mungu njoo unisaidie, we kijana umewafungua farasi? Ee Bwana fanya hima, binti nenda kakamue ng'ombe. Atukuzwe Baba na Mwana, kimbia we mtoto! Nilicheka peke yangu, maana hiyo ndo sala ya chakula kwenye nyumba nyingi, Baba yetu wa mbinguni tunakushukuru, nani kaacha jiko linawaka, kwa chakula hiki. Na Luther anasema yeye zamani utawani alisikia na kusali sana sala za namna hiyo.

Alafu anamgeukia Peter na kumpa mfano wa kazi yake mwenyewe. Kinyozi mzuri, anamwambia, lazima mawazo na macho yake yawe kwenye wembe na kwenye nywele, ajue amefika wapi kwenye kunyoa, maana akitaka kupiga stori huku akili iko kwingine anaweza kumkata mtu mdomo, pua, na hata koo. Hapa inabidi ukumbuke ni wembe kweli, sio hizi mashine, na aliyeandika ndo mwenye hilo koo. Ni mteja anaongea. Natamani vinyozi wetu hawa wanaojadili Simba na Yanga kwa mikono miwili huku mashine iko juu ya sikio lako wasomewe hiki kipande kila asubuhi kabla hawajafungua.

Kuna lingine ambalo halimo kwenye kijitabu ila linatoka kwenye mazungumzo yake ya mezani yaliyoandikwa na wageni na wanafunzi waliokuwa wanakula kwake, nalitaja kwa sababu linaeleza jambo hilihili. Alikuwa na mbwa, Tölpel. Siku moja mbwa amekaa mezani pale anakodolea nyama iliyo mkononi kwa bwana wake, hapepesi, mdomo wazi, Luther akasema laiti ningeweza kusali kama huyu mbwa anavyoangalia nyama, hana wazo lingine wala tumaini lingine isipokuwa hiki kipande. Waandaaji wa nakala yangu wangeweza kuweka hata hilo kwenye utangulizi ila ndo hivyo.

Sehemu kubwa ya kwanza ni Sala ya Bwana, ombi moja moja, na kwa kila ombi Luther anaandika mfano wa anavyolipanua. Kwenye utupe leo mkate wetu wa kila siku anaombea serikali, amani, mvua na mazao, alafu anamkabidhi Mungu nyumba yake na mali yake na mke na watoto, amsaidie awatunze vizuri na kuwalea. Ni sala ya baba mwenye nyumba. Na baada ya kuandika mifano yote hiyo anasema jambo ambalo sikulitegemea: usiyakariri haya maneno yangu. Ukiyasoma yote kama yalivyo itakuwa kelele na maneno matupu kama tasbihi za watawa, mimi mwenyewe sifungwi nayo, leo nasema hivi kesho vile kulingana na nilivyo. Na mara nyingi, anasema, napotelea kwenye ombi moja tu mpaka yale mengine sita nayaacha, na yakija mawazo mazuri ya wingi namna hiyo yaache maombi mengine, nyamaza, sikiliza, usiyazuie, kwa sababu hapo Roho Mtakatifu mwenyewe anahubiri na neno lake moja ni bora kuliko maelfu ya sala zetu. Anaongeza kwamba amejifunza zaidi kwenye sala moja ya namna hiyo kuliko angejifunza kwa kusoma na kuwaza sana.

Nimewahi kukaa kwenye maombi ambayo anayeongoza akikaa kimya sekunde tano watu wanafikiri mic imezima. Kwa hiyo hiki kipande mi nilikipigia mstari.

Hapohapo anaita Sala ya Bwana kuwa shahidi mkubwa kuliko wote duniani, kwa maana ya wafia dini, kwamba kila mtu anaitesa, inaropokwa mara elfu kwa mwaka na hakuna anayeionja. Na anasema yeye mpaka leo anainyonya kama mtoto, na uzeeni anaila na kuinywa na hashibi. Kwa mtu aliyeandika vitabu vingi kiasi kile, kusema hajavuka Baba Yetu, ni jambo.

Na Amina. Anasema Amina itamke kwa nguvu, usiwe na shaka kwamba Mungu amekusikia, na usidhani umepiga magoti pale peke yako, wakristo wote wamesimama pembeni yako na wewe katikati yao. Mi nadhani hii ndo dawa ya wale wanaosema kusali peke yangu chumbani siwezi nasinzia.

Sehemu ya pili ni Amri Kumi na hapo anatoa mbinu yake maarufu, ya shada la nyuzi nne. Kila amri anaisokota mara nne: kwanza ni kitabu cha shule, Mungu ananifundisha nini hapa na anataka nini kwangu. Pili ni kitabu cha nyimbo, nashukuru kwa lipi. Tatu kitabu cha toba, nimekosea wapi. Nne ndo sala yenyewe, naomba nini. Ukiielewa hiyo huhitaji tena kitabu. Chukua mfano usimshuhudie jirani yako uongo. Shule: Mungu anajali jina la mtu, anataka nilijali na mimi. Shukrani: kuna watu leo wamenisema vizuri nisipokuwepo, kuna siku mtu alinitetea. Toba: hapo hata huhitaji kufikiri sana, ni zile voisnoti za habari za watu unazofowadi umeweka na kiemoji cha mshangao. Ombi: basi nipe mdomo wa kunyamaza, na yule niliyemchafulia jina nipe namna ya kwenda kumsafishia. Umemaliza, imechukua muda wa kwenda kituoni, na umesali kitu cha kweli chenye anwani na jina.

Ila, na hapa ndo nyota inapoanza kupungua, sehemu hii ni ndefu. Amri zote kumi, kila moja nyuzi nne, kufika amri ya sita unaona kabisa mwandishi anaendelea kwa kuwa alianza. Yeye mwenyewe analijua maana mwishoni anaonya usijitwishe yote hayo roho ikachoka, chukua kipande kimoja au hata nusu yake kinachoweza kuwasha moto moyoni, inatosha. Sasa kama inatosha si ungetupa tatu za mfano Mchungaji wangu. Ushauri wangu someni amri ya kwanza na ya saba mkapate namna inavyokwenda, zilizobaki mtatengeneza wenyewe.

La pili linaloondoa nyota, na hili ni zito zaidi. Kwenye mifano ya sala anamtaja Papa na Waturuki kama maadui wa kuombewa washindwe au wabadilishwe. Ndio, kulikuwa na mazingira yake, jeshi la Sultani wa Waturuki lilizingira mji wa Vienna mwaka 1529 na watu wa Ujerumani waliogopa kweli. Lakini mi naishi mtaa ambao jirani wa kushoto ni Mwislamu na wa kulia Mkatoliki, tunazikana na tunaalikana, siwezi kusali sala hiyo na sitaki mwanangu aisali. Na huyuhuyu mwaka 1543 akaja kuandika dhidi ya Wayahudi maneno ya kutisha, mpaka kushauri masinagogi yachomwe, ambayo makanisa ya Kilutheri yameyakana waziwazi. Nasema hivi kwa sababu kuna watu wakianza kumsifia Luther wa maombi wanasahau kwamba kusali sana hakukumzuia. Wachapaji wa nakala yangu wameacha yale maneno ya Mturuki bila hata mstari mmoja wa maelezo chini, na hilo kwa kitabu kinachouzwa Afrika Mashariki ni uzembe.

La tatu sio kosa sana ila mjue: hiki ni kijitabu cha siku za kawaida. Moyo umepoa, kazi nyingi, akili inatangatanga, hapo kinafanya kazi. Ukiwa na msiba hakitoshi. Luther alizika watoto wawili, Elisabeth akiwa mchanga mwaka 1528 na Magdalena mwaka 1542 akiwa na miaka 13, na pale kitandani kwa Magdalena hakuna nyuzi nne. Alipiga magoti analia anaomba Mungu amponye, na alimuuliza mtoto je ungependa kubaki hapa na baba yako au kwenda kwa Baba yako kule, mtoto akajibu, ndio baba, kama Mungu apendavyo, akafia mikononi mwake. Na ipo ya 1540 Melanchthon alipougua Weimar mpaka hamtambui mtu, Luther akasali na baadaye akasema alimtupia Mungu gunia mlangoni, akampigia masikioni ahadi zake zote za kusikia maombi, kwamba ilibidi anisikie kama anataka niendelee kumwamini. Melanchthon akapona. Sala za hivyo zimo kwenye maisha yake ila kwenye hiki kijitabu hazimo, Peter aliuliza swali la siku ya kawaida akajibiwa la siku ya kawaida.

Na sasa habari ya Peter mwenyewe, ambayo kama nakala ingekuwa na utangulizi mngeisoma humo. Kijitabu kilitoka mwanzoni mwa 1535. Pasaka ya mwaka huohuo, Fundi Peter yuko mezani na familia, wamekunywa, na mkwe wake aitwaye Dietrich, mume wa binti yake, mwanajeshi, akaanza majigambo kwamba ana ujuzi wa kumfanya asidhurike kwa silaha yoyote. Peter akachukua kisu akamchoma kuona kama ni kweli. Mkwe akafa palepale. Yule rafiki mwema wa kwenye jina la kitabu, aliyefundishwa amri ya tano, usiue, kwa nyuzi zote nne, ameua mtu wa nyumbani kwake ndani ya Pasaka. Luther na wenzake waliingilia kati kumwombea asinyongwe, na akaishia kunyang'anywa mali na kufukuzwa Wittenberg akaenda kuishi Dessau.

Nilipojua hilo nilirudi nikasoma upya pale kwenye wembe na mtu kulegeza akili. Kuna watu watasema basi kijitabu hakikusaidia kitu, mwanafunzi wa kwanza kafeli. Mi sioni hivyo, na naona kuna jambo kubwa kwamba Luther hakukimbia, alimtetea wakati mji mzima unaongea, na kitabu kikaendelea kuitwa cha Fundi Peter. Ingekuwa siku hizi posti ingefutwa usiku uleule na taarifa kwa umma ikatolewa kwamba mhusika hana uhusiano na huduma yetu.

Kinamfaa nani basi. Kijana aliyemaliza kipaimara akaacha kusali kwa sababu hajui aseme nini, huyo mnunulieni. Mzee wa kanisa anayeongoza sala ndefu mpaka ubwabwa unapoa, mnunulieni pia ila mpeni kwa adabu. Mkatoliki au Mpentekoste anaweza kukisoma bila shida akiruka yale ya Papa. Anayetafuta maombi ya vita na kuvunja madhabahu hatakuta hata ukurasa. Na mwenye ndoa asome akijua kwamba nyumbani kwa Luther penyewe hali haikuwa moto kila siku, mkewe Katharina von Bora aliyekuwa mtawa zamani aliwahi kumuuliza Bwana Daktari, imekuwaje enzi za Papa tulisali kwa bidii na mara nyingi hivyo, na sasa tumepoa namna hii?

Bei naona inatofautiana sana duka na duka, wengine wanakiuza kama kitabu kikubwa wakati ni kurasa chache, msikubali. Wenye simu wanaweza kupata tafsiri za Kiingereza bure maana maandishi yenyewe ni ya zamani. Na kama Kiingereza kinasumbua au hela hakuna kwa sasa, chukueni ile Katekisimo Ndogo ya kipaimara iliyolala kabatini, mtakuta humo sala ya asubuhi na ya jioni za Luther huyuhuyu, fupi kabisa. Ya asubuhi inaisha kwa kukuambia nenda kazini kwako kwa furaha ukiimba, na ya jioni inakuambia ukimaliza lala mara moja kwa amani.